Istikhara Mbili za Mama Hira

SEHEMU YA TISA

Ule mlio wa "kli!" kwenye simu, msomaji, haukuwa ubovu wa waya. Alikuwa Hira.

Amejikunyata kitandani kwa mama yake, ameinua mkonga wa simu ya chumbani kwa vidole viwili, anasikiliza. Mama yake, Roshanara, yuko jikoni na simu ya ukutani, macho kayafumba, midomo inamcheza kwa salawati. Aliusikia ule mlio. Akafumbua macho, akataka kusema, "Maulana, ngoja kidogo."

Hakuwahi.

"Imetoka njema, mama," ilisema sauti ya Maulana Sadrudin. "Njema sana. Tena msicheleweshe."

Chumbani ukalipuka ukelele kama wa harusi. "Kli!" ya pili. Hira ameshaweka simu chini, ameshatoka mbio kwenda sebuleni kwa wenzake, na Roshanara amebaki jikoni na mkonga mkononi.

Maana jibu lile halikuwa la Hira!

Anayemwendea maulana kutaka istikhara hamwambii haja yake. Anaiweka nia moyoni tu. Maulana anashika tasbihi, anasoma anachosoma, anahesabu punje, kisha anajibu: njema, si njema, au wastani. Ni kitu gani hicho, haulizi.

Na Roshanara asubuhi ile alikuwa na nia mbili. Ya pili ndiyo aliyotumwa na binti yake: kwenye mtihani wa siasa za Uingereza, Hira aliache Bunge la Malodi, lile bunge la juu la Waingereza, asome mada nyingine tatu tu? Lakini ya kwanza hakutumwa na mtu. Ilikuwa ya kivimbe kwenye titi lake la kushoto, na daktari anayetaka kukikata.

Kivimbe kile alikijua yeye, daktari, na Mungu. Mumewe Ramzanali yuko Mwanza anashughulikia nyumba ya marehemu mama yake. Na Hira? Hira ndiye hasa aliyekuwa anafichwa.

"Mama, upo?" Maulana akauliza. "Nani huyo amepiga kelele?"

"Mtoto, Maulana."

"Ana furaha, alhamdulillahi. Haya, nia ya pili. Iweke moyoni."

Akaiweka, ingawa moyo wenyewe ulikuwa hautulii. Akasikia punje zinagongana upande wa pili, taratibu.

"Hii hapana," alisema Maulana. "Hii iacheni. Ina majuto ndani yake."

"Maulana... siwezi kuuliza tena?"

"Roshanbai! Istikhara si redio, ukisikia usichokipenda uzungushe upate stesheni nyingine."

Akaagana naye kwa dua, simu ikakatika.

Sebuleni meza ya chakula haikuonekana kwa makaratasi. Ilikuwa Aprili ya mwaka tisini na saba, theluji imeyeyuka huko nje Don Mills, Toronto, imeacha matope na takataka za miezi mitatu, na ndani ya nyumba ile vijana watatu walikuwa wanabashiri mtihani kama watu wanaobashiri mechi za mpira.

"Imetoka njema!" Hira alisema kwa Kiingereza. Kiswahili cha mama yake alikielewa chote, ila kukijibu ndiko kulikomshinda. Hapa tunamtafsiria tu. "Njema sana! Tena eti nisicheleweshe!"

Rameez, kijana wa Nairobi mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, akapiga meza kwa kiganja. Yeye ndiye aliyetoa nakala za mitihani yote ya nyuma kwenye maktaba ya chuo, akaipanga mwaka kwa mwaka, akatoa unabii wake.

"Si niliwashow? Hii kitu nimeipigia hesabu! Malodi walitoka mwaka juzi, wakatoka mwaka jana. Profesa gani anapika maharage mara tatu mfululizo?"

"Kwetu tunapika wiki nzima," alisema msichana wa tatu, "na hatufi."

Huyu ni Ella, binti wa Bujumbura. Anakaa Mount Dennis na mama yake, Donatienne, anayefanya kazi ya kulea wazee. Yeye Kiswahili hakukipa likizo, na Kifaransa kilichungulia humo humo.

"Bon, na swali la kwanza?" aliuliza Ella. "Lile halina kuchagua. Ni la lazima. Ukilikosa lile, hata ukijua mengine yote, umeanguka."

"Uchaguzi, dada! Uchaguzi!" Rameez akasimama kabisa. "Waingereza wanapiga kura wiki chache zijazo. Profesa mwenyewe wa huko huko, kila akiingia darasani ni kura, kura, kura. Sasa leo aache kura aulize wazee waliorithi viti bungeni kutoka kwa baba zao?"

"Kama duka la Kariakoo," Hira akasema, nao wakacheka.

Roshanara alisimama mlangoni hajui acheke au alie. Yeye shule aliishia ya msingi, Mwanza. Juu ya Uingereza alijua wimbo mmoja wa Malkia walioimbishwa wakiwa wamepanga mstari juani, basi. Atawaambia nini hawa juu ya Malodi?

Lakini jambo moja alilijua. Desemba iliyopita, asubuhi ya mtihani, simu ilipigwa kutoka Mwanza: bibi yake Hira amefariki. Roshanara, kwa pupa ya msiba, alimwambia mtoto palepale mlangoni, viatu tayari mguuni. Hira akaenda, akakaa kwenye ukumbi wa mtihani mpaka mwisho, akaandika jina lake tu. Jina tupu! Na mkuu wa idara akamwita akamwambia uso kwa uso: ukianguka tena Aprili, chuo basi, nafasi yako anapewa mwingine.

Tangu siku ile Roshanara aliapa. Habari mbaya haitamfikia Hira mpaka kalamu ya mwisho iwe imewekwa chini. Wala ya kifo, wala ya ugonjwa.

Kiapo kile leo kilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

"Hira, mwanangu," aliita. "Hebu ngoja kwanza."

"Ningoje nini, mama? Imesema nisicheleweshe!" Na tayari alikuwa anakusanya karatasi zote za Malodi kifuani: madaftari, nakala, kitini cha profesa, vikaratasi vya rangi alivyoandika mwezi mzima. "Zikibaki hapa nitajaribiwa kuzisoma."

Akatoka nazo ukumbini, kwenye lile shimo la taka la ukutani, lenye mlango wa bati kila ghorofa. Roshanara akamfuata bila viatu.

"Mwanangu, usitupe! Weka tu kabatini!"

"Mama." Hira aligeuka, anatabasamu. "Nani alinifundisha? Istikhara ikishatoka haipingwi. Ukiipinga unajitakia. Si maneno yako?"

Yalikuwa maneno yake. Aliyasema tangu mtoto akiwa mdogo.

Mlango wa bati ukafunguliwa. Karatasi zikashuka, zinagonga ukuta, ghorofa kwa ghorofa, mpaka mlio ukapotea.

Mzazi unayesoma hapa, usiseme kwamba wewe ungesema ukweli palepale. Ungesema nini? "Jibu lako ni la pili"? Angeuliza: na la kwanza lilikuwa la nani?

Roshanara alisingizia kwenda kufua, akashuka chini kabisa kwenye chumba cha taka. Msimamizi wa jengo, mzee wa Kireno, alimkuta ameinama juu ya pipa, mtandio ameutia kiunoni.

"Umepoteza nini, mama? Dhahabu?"

"Karatasi," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Karatasi za shule. Za mtoto."

Mzee akamwonyesha mashine ya kukandamiza taka. Ilikuwa imeshamaliza kazi. Malodi wote, na viti vyao vya kurithi, walikuwa wamebanwa pamoja na maganda ya ndizi na nepi za watoto.

Akapanda tena. Kwenye lifti alijaribu uongo mmoja, akauona mbovu; akajaribu wa pili, nao haukusimama. Alipofika juu akamvuta Rameez pembeni.

"Rameez, baba, tuseme hesabu yako imekosea?"

"Anti, tulia. Hesabu yangu na istikhara yako zimesema kitu kimoja. Sasa wewe unaikimbia yako?" Kijana akacheka. "Ama unataka Hira asome mpaka miwani ivunjike? Anti, hii mambo ya siku hizi ni akili, si jasho."

Jikoni Roshanara akamkuta Ella anasuuza vikombe, maana mtoto yule hakuweza kuinuka mezani pa watu akaacha kikombe kichafu.

"Ella. Wewe umetupa zako?"

"Miye? Hapana, mama Hira. Kwetu mwalimu akisema soma, unasoma yote. Malodi wangu niko nao kwenye sako ya vitabu."

Roshanara akamshika mkono wenye sabuni. "Nisaidie. Ile istikhara... haikuwa vile alivyosikia. Mfanye asome. Usiniulize zaidi, mama, nakuomba."

Ella alimtazama usoni. Kisha akautazama mkono mwingine wa Roshanara, ulioshika upande wa kushoto wa kifua bila mwenyewe kujua. Binti wa mlezi wa wazee hahitaji kuelezwa kila kitu.

"Umemwambia daktari?" aliuliza polepole.

"Nimesema usiniulize!"

"Ndiyo, maman." Akafuta mikono. "Nitafanya."

Na kweli siku mbili zilizofuata matumaini yalirudi. Ella alikuja kwa mabasi mawili kutoka Mount Dennis, akajifanya mjinga. "Hira, nieleze tena, hawa Malodi wanaweza kukataa sheria ya Bunge la chini, au wanaichelewesha tu?" Na Hira, kwa huruma, akawa anamweleza, na kila akieleza anakumbuka. Roshanara alikuwa anasikiliza huku anakata vitunguu, anamshukuru Mungu kwa kila jibu.

Siku ya tatu Hira akashtuka.

"Ngoja. Kila siku unaniuliza Malodi. Jana Malodi, leo Malodi. Na hizi nakala umezifichia nini chini ya mto wangu?"

"Nimesahau hapo."

"Umesahau? Chini ya mto?" Sauti ilipanda. "Unataka niende kinyume na istikhara nianguke! Unajua mkuu wa idara amesemaje, unajua!"

"Mimi nakutakia mema, Hira. Kabisa."

"Wewe si Mwislamu, huwezi kuelewa! Kaa na Malodi wako!"

Ella alikunja karatasi zake moja moja, akavaa koti. Mlangoni alimwangalia Roshanara, akasubiri. Neno moja tu la mama lingetosha. "Ni mimi niliyemtuma." Basi.

Roshanara alifungua mdomo. Akauona uso wa Hira, umevimba kwa kukosa usingizi, macho mekundu, vidole vimetafunwa kucha mpaka damu. Akaufunga mdomo.

Ella akatoka.

Wahenga walishamsema mficha maradhi, na mwisho wa methali ile Roshanara hakutaka hata kuukumbuka.

Nyumba haijapoa, simu ikalia. Hospitali. Nesi mwenye sauti ya upole alisema mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi imepatikana. Jumatano mchana. "Utakuja, mama? Tukikosa hii, sijui nyingine itapatikana lini."

Jumatano! Asubuhi ya siku hiyo hiyo Hira anafanya mtihani.

Masikioni mwake ikarudi sauti ya Maulana: njema sana, tena msicheleweshe. Basi atamtoa mtoto asubuhi, kisha ataita teksi. Jioni Hira akirudi, mtihani umekwisha, ndipo atajua. Mpango mzuri, au siyo?

"Nitakuja," alisema.

"Usile kitu asubuhi hiyo. Wala maji."

Jumatano ikafika na mvua nyembamba. Hira alitoka chumbani na viatu vyake vya mtihani miguuni, mkononi ana muhtasari wa mada tatu: Uchaguzi, Waziri Mkuu, Skotlandi. Hakuna ya nne. Alikuwa anaimba wimbo wa redioni. Tangu Desemba hakuwahi kuimba, na wimbo ule ulimchoma mama yake kuliko kilio.

Mlangoni Roshanara aliinua msahafu juu, Hira akapita chini yake, akaubusu, akarudi, akapita tena. Kisha bakuli la mtindi na sukari, ile bahati ya kila mtihani tangu shule ya watoto. Desturi ya nyumba yao ni moja: mama anaonja kijiko cha kwanza, mtoto anamaliza.

Roshanara akampa Hira kijiko.

"Mama, mbona hukuonja?"

"Nimefunga."

Hira akashusha kijiko. Macho yakamjaa maji. "Umefunga kwa ajili yangu?"

Msomaji, jibu! Mjibie mama huyu, maana yeye alishindwa. Alitikisa kichwa tu, kutikisa kusikojulikana kama ni ndiyo au ni hapana, na mtoto akamkumbatia kwa nguvu, akaminya palepale pa kushoto. Roshanara alifunga meno asitoe sauti.

"Hira," alisema ndani ya nywele za binti yake, kwa haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Njiani... na wale Malodi nao, wapitie kidogo akilini. Wanaweza kukataa sheria, au wanachelewesha tu?"

Hira akajitoa mikononi mwake, akamtazama kwa mshangao. "Mama! Hata wewe? Ella amekufundisha?"

"Hapana, nilikuwa nasikia tu mkisoma..."

"Usinichanganye sasa. Tafadhali, leo usinichanganye." Akajipapasa mifuko. "Kitambulisho changu cha chuo kiko wapi? Bila kile hawanifungulii mlango! Nilikiacha kitandani kwako."

Akakimbilia chumbani kwa mama yake.

Simu ikalia.

Katika majengo yale, mgeni akibonyeza kengele ya chini mlangoni, inalia kwenye simu ya nyumba. "Ni Rameez, amefika na gari!" Hira akapiga kelele kutoka chumbani. "Nampokea mimi!"

Lakini Roshanara, ambaye siku hizi kila mlio wa simu ulimrusha, alishaifikia ile ya jikoni.

"Alo?"

"Naongea na Bi Roshanara?"

Haikuwa sauti ya Rameez.

"Ndiyo," alisema, kabla hajafikiri.

"Kli!"

Aliusikia. Safari hii aliujua mara moja. Akataka kukata simu, kidole hakikutii. Akataka kusema "umekosea namba", ulimi haukutii.

"Nakukumbusha tu ya leo mchana," iliendelea sauti ya nesi, ya upole vilevile, kwa Kiingereza cha wazi ambacho Hira alikielewa kuliko yeyote katika nyumba ile. "Usile, usinywe. Daktari atakitoa kile kivimbe cha kwenye titi. Akikuta kimeenea, atakueleza juu ya kulitoa titi lote. Kuna mtu wa kukusindikiza, mama? Usije peke yako."

Chini barabarani honi ililia. Rameez.

Roshanara alisubiri "kli" ya pili, ile ya kuweka simu chini. Haikuja. Zilikuja pumzi tu, za mtu aliyesahau kuzificha.

"Bi Roshanara? Unanisikia?"

Honi ililia tena, ndefu.

Ndipo kwenye laini, katikati yake na nesi asiyejua lolote, ikasikika sauti ya binti ambaye kwa miaka yote ya Toronto hakuwahi kumjibu mama yake kwa Kiswahili.

"Mama," alisema Hira. "Ile njema ilikuwa ya nani?"